Mashua inayojua kupinduka

Matengo ya ngalawa yapo ili chombo kisipinduke. Mashua ya makasia ya kuvukia bahari kuu ina hesabu nyingine kabisa: inaruhusiwa kupinduka, mradi irudi yenyewe.

Je, wajua inarudi vipi? Ina vyumba viwili visivyopitisha maji, kimoja omo na kingine tezi, vyote vimeinuka juu ya staha. Betri, chakula na maji ya akiba hupangwa chini kabisa ili viwe farumi. Wimbi likiigeuza juu chini, hewa iliyomo vyumbani huisukuma iibuke, na ule uzito, ambao sasa uko juu, hutafuta kushuka. Mashua haiwezi kutulia katika hali hiyo. Huzunguka ikasimama wima.

Sharti ni milango kufungwa. Ndani ya vyumba hivyo vyembamba joto halivumiliki, na anayetaka kulala hutamani kuacha upenyo apate hewa. Lakini upenyo huohuo ukiingiza maji palipotakiwa kuwa na hewa, mashua inaweza isirudi. Kwa hiyo wanaojiandaa huzoezwa mpaka mikono ifanye bila kuulizwa: fungua, pita, funga, kaza komeo.

Mwaka 1966 Waingereza David Johnstone na John Hoare waliondoka Marekani kwa mashua ya Puffin. Ilikutwa Atlantiki imepinduka. Wao hawakuonekana tena. Mwaka 1969 John Fairfax alivuka bahari hiyo peke yake kwa siku 180 ndani ya Britannia, aliyoichora Uffa Fox makusudi ijisimamishe.

Siku hizi njia maarufu ni kutoka La Gomera, visiwa vya Canary, hadi Antigua, kiasi cha kilomita 4,800. Mashindano ya njia hiyo huanza Desemba, vimbunga vikiwa vimepita na upepo wa kaskazini-mashariki ukisukuma kutoka nyuma. Wapiga makasia wengi hupokezana zamu za saa mbili, usiku na mchana. Maji ya kunywa hutoka kwenye mashine inayoyasukuma maji ya bahari kwa nguvu kwenye utando unaozuia chumvi, ikiendeshwa kwa umeme wa jua. Mawingu yakikaa siku nyingi na betri zikaisha, ni pampu ya mkono, baada ya zamu ya makasia.

Hata hivyo, nadhani jasho jingi humwagika nchi kavu, kwenye kutafuta fedha. Ndugu watatu wa Uskoti, Ewan, Jamie na Lachlan Maclean, walivuka kwa siku 35 na kufika Januari 2020, wakichangisha kwa ajili ya mashirika mawili ya hisani: Feedback Madagascar, na Children 1st, shirika la watoto la Uskoti. Mfadhili anayelipia makasia si lazima awe ndiye anayechangia watoto, hivyo wasafiri hubisha hodi mara mbili: kwanza mashua, kisha mchango. Safari ikiisha, wengi huiuza mashua kwa kikosi kinachojiandaa kwa mwaka unaofuata, na wengine huziingiza fedha hizo kwenye mfuko wa hisani.