Ndege ya mtumba: kagua kisanduku kabla ya bei

MFANYABIASHARA wa Tunduma au Vwawa anayefikiria kuchangia mtaji wa ndege ndogo ya kukodisha ana swali la kuuliza kabla ya bei: kifaa cha kuifuatilia ndege hiyo angani kinatumia masafa gani? Jibu linaweza kuongeza maelfu ya dola kwenye gharama.

Chanzo ni Marekani, soko kubwa la ndege za mtumba aina ya Cessna. Mwaka 2010 mamlaka ya anga ya nchi hiyo, FAA, ilitoa kanuni kwamba kuanzia Januari 1, 2020 ndege zinazoruka katika sehemu kubwa ya anga linaloongozwa ziwe na kifaa cha ADS-B. Kifaa hicho hupata mahali ndege ilipo kwa setilaiti za GPS, kisha hutangaza chenyewe, kama mara moja kwa sekunde, mahali hapo, kimo na mwendo.

Wenye ndege wengi walingoja, wakihofia gharama. Mwaka 2016 FAA ilianza kuwarudishia dola 500 wenye ndege ndogo waliofunga kifaa. Baadaye vikatoka vifaa nafuu vinavyofungwa mahali pa taa ya bawa au ya mkia, kwa chini ya dola 2,000 bila ufundi.

Hapo ndipo penye mtego. Marekani iliruhusu masafa mawili: megahezi 1090, yanayotumika kimataifa, na megahezi 978, kwa wanaoruka chini ya futi 18,000 ndani ya nchi hiyo. Vifaa hivyo vya taa viliuzwa zaidi kwa 978. Hata Canada, jirani wa Marekani, inataka 1090 katika anga iliyoiwekea sharti hilo tangu 2023.

Nyumbani nako usimamizi wa anga umebadilika. Mwaka 2017 Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) ilisaini mkataba wa rada nne na kampuni ya Thales ya Ufaransa kwa sh. bilioni 67.3. Moja ni ya Uwanja wa Ndege wa Songwe, uliopo Mkoa wa Mbeya, ambao ndio tegemeo la wasafiri wa Tunduma. Rada ya aina ya kuulizana hutuma swali, na kisanduku cha ndegeni kiitwacho transiponda hujibu kwa 1090. Kifaa cha 978 hakijibu rada, hivyo ndege yake hutegemea transiponda nyingine, mara nyingi ya zamani.

Kwa mnunuzi, hesabu ni nyepesi. Transiponda moja ya kisasa ya 1090 hujibu rada na kutangaza ADS-B kwa pamoja. Ndege yenye 978 pekee inaweza kuonekana nafuu, lakini siku ikihitaji kubadilishiwa kifaa italala karakana bila kuingiza senti, huku bima, maegesho na riba ya mkopo vikiendelea.

Kabla ya kulipa, mnunuzi adai kumbukumbu za ufundi zinazoonyesha masafa ya kifaa, aulize TCAA masharti ya aina ya safari anazokusudia, na aweke kwenye bajeti kazi ya kubadilisha namba ya utambulisho ya transiponda, kwani ndege ikihamia usajili wa Tanzania hupewa namba mpya.

Wahenga walisema rahisi ghali.