Jinsi ya Kuchagua Vipande vya Piano kwa Onyesho Moja

Katika jioni zetu za ushairi tumejifunza kwamba mashairi mazuri yanaweza kuharibiana yakipangwa vibaya. Ndivyo ilivyo pia kwa muziki wa piano. Mpigaji anaweza kupiga kila kipande bila kosa, na bado wasikilizaji wakatoka wamechoka.

Kosa la kwanza ni kuchagua kwa kufuata majina. Beethoven alitunga mwaka 1801 sonata inayojulikana kama "Mwanga wa Mwezi", ingawa jina hilo si lake. Debussy naye ana kipande kiitwacho "Clair de lune", kilichochapishwa mwaka 1905, na maana yake kwa Kifaransa ni hiyohiyo. Je, mwezi unatosha kuviunganisha? Hautoshi.

Hata hivyo, vipande hivi vinapatana kwa sababu nyingine. Sauti ambayo kila kimoja huitegemea kama nyumbani kwake hutoka kwenye kibonyezo kilekile cheusi cha piano. Sonata huanza polepole lakini humalizika kwa ghadhabu na kasi kubwa. Kipande cha Debussy kinapofuata, msikilizaji hubaki katika nyumba ileile, ila dhoruba imepita na hewa imekuwa laini. Huo ndio upatanisho wa kweli: kitu kimoja kinabaki, kingine kinabadilika.

Sasa tuongeze "Fantaisie-Impromptu" ya Chopin, iliyotungwa yapata mwaka 1834 na kuchapishwa mwaka 1855, baada ya kifo chake. Nayo ina nyumba hiyohiyo. Ukiipiga mara tu baada ya sonata, kasi itafuata kasi, na Chopin atasikika kama mwangwi wa Beethoven. Ukiiweka baada ya Debussy, sikio litakuwa limepumzika. Tena humalizika kwa upole, wimbo wake wa katikati ukirudi katika mkono wa kushoto.

Lakini nyumba moja kwa onyesho zima huchosha. Kwa hiyo tangulia na kitu tofauti kabisa, kwa mfano preludi na fuga ya kwanza katika kitabu cha Bach cha mwaka 1722. Preludi hiyo huanza kwa vibonyezo vyeupe vitupu, na utulivu wake humpa mpigaji nafasi ya kutuliza mikono inayotetemeka.

Mpangilio wetu basi ni Bach, Beethoven, Debussy na Chopin, jumla ya dakika thelathini hivi.

Kwa ufupi, kabla ya kuongeza kipande jiulize: kinafanana vipi na kilichotangulia, na kinatofautiana vipi? Ukikosa jibu la swali mojawapo, kiache kwa siku nyingine, hata kama ndicho unachokipenda kuliko vyote. Anayeandaa jioni ya mashairi naye ajiulize hayohayo.