Rangi Tatu Hazitoshi

Katika minada ya Uingereza huuzwa mikufu na pete za enzi ya Mfalme Edward wa Saba zenye amethisto, lulu na peridoti. Muuzaji atakwambia zilivaliwa na wanawake waliopigania haki ya kura, na kwamba herufi za kwanza za rangi za vito hivyo kwa Kiingereza ni fumbo la "wapeni wanawake kura". Usitoe pesa kwa hadithi hiyo. Chama cha wanawake hao, WSPU, kilichoanzishwa na Emmeline Pankhurst na wenzake mjini Manchester mwaka 1903, kilichukua rangi zake mwaka 1908, na maana zake zilitangazwa hadharani: zambarau heshima, nyeupe usafi, kijani matumaini. Hawakuwa na haja ya kuficha. Walikuwa wakiandamana mchana kweupe. Vito hivyo vilipendwa pia na watu wasiojali kura hata kidogo.

Mapambo ya kweli yapo, ila yana ushahidi. Bruchi ya Holloway, yenye jina la gereza la London na iliyochorwa na Sylvia Pankhurst, binti wa Emmeline, ilianza kutolewa mwaka 1909 kwa waliofungwa gerezani. Ina umbo la lango la fito za chuma, nembo ya Bunge, na juu yake mshale wa nguo za wafungwa katika rangi tatu.

Nishani ya mgomo wa kula wa wafungwa hao ndiyo inayonigusa zaidi. Ni ya fedha, na jina la aliyetunukiwa limechongwa nyuma. Vipau vilivyo kwenye utepe wake huhesabu mateso: cha fedha ni kwa mgomo, cha rangi tatu ni kwa kulishwa kwa nguvu, na tarehe zimechongwa humo. Tarehe hizo waweza kuzilinganisha na magazeti ya wakati ule.

Wapinzani wa kura ya wanawake nao waliacha vitu vyao, na wakusanyaji wengi huvipita. Nadhani wanakosea. Kampuni ya Dunston-Weiler ya New York ilichapa mwaka 1909 postikadi 12 za kejeli. Moja inamwonyesha baba akimnywesha mtoto maziwa kwa chupa, huku kichwani ana duara la utakatifu kama Bikira Maria. Hofu yao yote imo humo.

Ukiipata nishani ya mgomo wa kula, usiitenganishe na kasha lake. Hariri nyeupe iliyo ndani ya kifuniko imechapwa jina la mwanamke aliyeistahili.