Mtoto tumboni akikosa oksijeni, moyo wake hufanyaje?

Kina mama wengi hapa Uingereza huuliza kwa nini hospitali huwafunga mikanda miwili tumboni. Mmoja hufuatilia uchungu, mwingine moyo wa mtoto. Kwa kawaida moyo huo hupiga mara 110 hadi 160 kwa dakika, ukipanda na kushuka kidogo kidogo. Hiyo ni dalili njema.

Mtoto hupata oksijeni kutoka kwenye damu yako kupitia kondo la nyuma. Ikipungua ghafla, tuseme kamba ya kitovu imebanwa, moyo hupunguza mwendo na damu hupelekwa zaidi kwenye ubongo na moyo wenyewe. Upungufu ukiendelea, mapigo huweza kwenda mbio, au kubaki namna moja bila kupanda na kushuka, na mtoto hupunguza kucheza ili kuokoa nguvu.

Basi mama, mtoto akicheza kidogo kuliko kawaida yake, piga simu wodi ya wazazi saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane. Usingoje kesho. Na vile vipimo vya moyo vinavyouzwa madukani visikutulize: mapigo kusikika si ushahidi kwamba mtoto ni mzima. Kiingereza kikikusumbua, omba mkalimani, ni bure.