Benki zizungumze lugha ya mwenye amana

Fedha tuwekazo benki huitwa amana, na jina hilo lina uzito kuliko tunavyodhani. Amana, imani na uaminifu ni maneno yenye asili moja katika Kiarabu. Neno lenyewe latukumbusha kwamba anayemkabidhi mwenzake mali humkabidhi pia imani yake. Hata hivyo, aghalabu imani hiyo hutiwa sahihi katika hati ambayo mwenye mali haielewi.

Nakiri kwamba mimi mwenyewe, niliye na shahada ya uzamifu katika isimu, niliwahi kuponzwa na kielezi kimoja. Miaka kadhaa iliyopita nilimdhamini mwenzangu kazini apate mkopo wa shilingi 400,000 kutoka taasisi moja ya fedha. Tulikuwa wadhamini wanne, nami nikapiga hesabu kwamba mambo yakienda mrama, fungu langu lingekuwa shilingi 100,000. Fomu, iliyoandikwa kwa Kiingereza, ilisema kuwa tungewajibika "jointly and severally". Hapa kwetu neno hilo la mwisho hutumiwa sana kwa maana ya "mara kadhaa", nami nikalipita bila kujiuliza. Katika sheria maana yake ni "kila mmoja peke yake", na maneno hayo yanapoandamana, mkopeshaji anaweza kumdai mdhamini yeyote deni zima.

Mwenzetu alipoachishwa kazi, wadhamini wawili walikuwa wamekwisha kustaafu. Deni lote likaangukia mishahara ya sisi wawili tuliosalia. Wahenga walinena kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Hawakutuambia kwamba matanga yenyewe yaweza kufanyika nyumbani kwa mdhamini!

Je, taasisi hiyo ilifaulu kuepuka hasara? Fedha zake ilizipata. Lakini hatari haikutoweka; ilihamishwa tu hadi mfukoni mwa mtu asiyejua kuwa ameipokea. Tulipomaliza kulipa, sote wawili tulifunga akaunti zetu. Mteja asiyeelewa masharti huenda akaonekana mwaminifu kwa miaka mingi, kumbe amenyamaza tu.

Kimya hicho ni hatari kwa benki pia. Mnamo Aprili 2016, baada ya Chase Bank kutoa upya hesabu zake na wakurugenzi wawili kung'atuka, uvumi ulienea katika mitandao ya kijamii na wateja wakamiminika kutoa fedha zao. Tarehe 7 mwezi huo Benki Kuu ya Kenya iliiweka chini ya mrasimu, na milango yake haikufunguliwa tena hadi tarehe 27. Wakati huo bima ya amana ilikuwa na kikomo cha shilingi 100,000 kwa kila mteja katika benki moja. Kikomo hicho kiliongezwa hadi shilingi 500,000 mwaka wa 2020.

Sidai kwamba ufahamu wa mambo hayo ungaliiokoa benki hiyo, kwa maana walakini katika hesabu zake haukuwa uvumi. Lakini mteja anayejua kilicholindwa na kisicholindwa ana la kupima kabla ya kukimbia. Asiyejua hana ila minong'ono, na kwake lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Baadhi ya wakuu wa benki watajibu kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Dai hilo halina mashiko. Riba, rehani, dhamana na hawala ni maneno ya biashara tangu jadi. Tangu M-Pesa ianzishwe nchini mwaka wa 2007, mkulima na mama mboga wamekuwa wakituma na kutoa pesa kwa wakala bila kuhitaji kamusi. Fauka ya hayo, kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, na kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike nazo kikamilifu. Habari iliyofungiwa katika lugha ya mawakili ni habari iliyofichwa.

Walimu wenzangu, mnapofundisha ufahamu, leteni siku moja fomu tupu ya mkopo darasani. Wanafunzi waulizwe: nani anaahidi nini, na asipotimiza, nani atalipa? Nawe mwanafunzi, siku utakapoombwa kutia sahihi, eleza kwanza kila sharti kwa Kiswahili, kwa maneno yako mwenyewe. Utakaposhindwa, weka kalamu chini uulize, kwa maana kuuliza si ujinga. Na benki itakayoona uzito kukujibu, usiikabidhi amana yako.