Upanga Usio na Uzito: Vihisi vya Mwendo na Mabadiliko ya Uchezaji

Katika historia ya michezo ya video kuna mfano mmoja adimu, ambao karibu kila kitu kilibaki vilevile isipokuwa kipimo kimoja tu. Mwezi Novemba 2006 kampuni ya Nintendo ya Japani ilianza kuuza mashine ya Wii, ambayo kidhibiti chake, yaani kile kifaa cha mkononi ambacho vijana wengi wa mijini hukiita pedi, kilihisi mwendo wa mkono badala ya kutegemea vitufe peke yake. Mwezi Juni 2009 kampuni hiyohiyo ikatoa kipande kidogo cha kuchomeka chini ya kidhibiti hicho, kilichoitwa Wii MotionPlus, pamoja na mchezo wa Wii Sports Resort uliofuata ule wa awali wa Wii Sports. Mashine haikubadilika, televisheni haikubadilika, hata vibonzo vya wachezaji vilibaki na vichwa vyao vikubwa vilevile. Kilichoongezeka ni uwezo wa kuhisi. Kuzilinganisha hatua hizo mbili kunaonyesha jinsi ubora wa kihisi unavyoubadili mchezo wenyewe, na jinsi unavyozaa taabu ambazo wabunifu hawakuwa nazo walipokuwa na kihisi dhaifu.

Ndani ya kidhibiti cha 2006 mlikuwa na akselerometa, yaani kihisi kinachopima mchapuko, ambao ni badiliko la kasi kwa muda. Chipu hiyo ilitengenezwa na kampuni ya Analog Devices ya Marekani, ambayo tangu miaka ya 1990 ilikuwa ikiunda vihisi vya jamii hiyo kwa ajili ya mifuko ya hewa inayofumuka gari linapogonga. Kazi yake ni rahisi kuieleza: kipande kidogo mno cha silikoni kimening'inizwa kwenye springi za silikoni hiyohiyo, na kidhibiti kinaposukumwa upande mmoja kipande hicho hubaki nyuma kidogo kwa sababu ya inesha, yaani ule ukaidi wa kila kitu dhidi ya kubadilishiwa mwendo wake, kule kubaki nyuma hubadili hali ya umeme kati yake na sahani zilizo pembeni, na badiliko hilo husomwa na mashine kama namba.

Tatizo ni kwamba akselerometa haiwezi kutenganisha msukumo wa mkono na uvutano wa dunia, kwa kuwa vyote viwili huivuta springi kwa namna moja. Kidhibiti kikiwa kimetulia hilo ni faida, maana uvutano peke yake ndio unaosomwa, na kwa kuujua upande wa chini mashine hutambua kama kidhibiti kimeinamishwa mbele au kimelazwa ubavu. Mkono unapoanza kuzungushwa kwa nguvu, hata hivyo, namba mbili huchanganyika kuwa moja, na mashine haina njia ya kujua ni sehemu gani inatokana na mwinamo na ni sehemu gani inatokana na pigo. Zaidi ya hayo, mtu akikigeuza kidhibiti polepole kutoka kushoto kwenda kulia huku kikiwa kimelala sawa, uvutano haubadiliki hata chembe, na kwa akselerometa ni kana kwamba hakuna lililotokea.

Nintendo ililiziba pengo hilo kwa sehemu tu. Mbele ya kidhibiti iliwekwa kamera ndogo ya kuona miale ya infraredi, ambayo jicho la binadamu haliioni, na juu au chini ya televisheni kikawekwa kijiti chenye taa za miale hiyo. Wanunuzi wengi waliamini kwamba kijiti hicho ndicho kilichohisi, ilhali hakikuhisi chochote: kilikuwa taa tu, na mishumaa miwili iliyowashwa mahali pake iliweza kufanya kazi ileile. Njia hiyo ilikuwa sahihi sana kwa kulenga, lakini ilifanya kazi pale tu kidhibiti kilipoelekezwa kwenye televisheni, na hakuna mtu anayepiga tenisi au kukata kwa upanga huku akiuelekeza mkono wake mbele muda wote.

Kutokana na upungufu huo, michezo mingi ya mwanzo ya Wii haikupima mwendo kwa maana kamili, ilitambua ishara. Programu ilisubiri namba za akselerometa zipande kupita kiwango fulani, kisha ikaamua kwamba mchezaji amepiga, na kuanzia hapo mchoro uliotayarishwa tangu awali ukachezwa kwenye skrini. Katika tenisi ya Wii Sports kibonzo kilijikimbiza chenyewe hadi kwenye mpira, na mpira ukaelekea kushoto au kulia kutegemea zaidi kama mchezaji amewahi au amechelewa kupiga kuliko umbo la pigo lake. Katika toleo la Wii la The Legend of Zelda: Twilight Princess, lililotoka mwaka huohuo wa 2006, kutikisa kidhibiti kulifanya kazi iliyofanywa na kitufe kwenye mashine ya GameCube. Wachezaji waligundua upesi kwamba kifundo cha mkono kilichotikiswa kidogo na mtu aliyeketi kwenye kochi kinaleta pigo lenye nguvu sawa na la mtu aliyesimama na kuuzungusha mkono mzima.

Ni rahisi kuidharau hali hiyo, lakini dharau hiyo haina haki. Kihisi kisichojua mengi ni kihisi kinachosamehe mengi, na mchezo ulioyakubali mapigo yote kuwa mazuri uliwafungulia mlango watu ambao hawakuwahi kushika kidhibiti maishani mwao, wazee wakiwemo. Wii iliuza zaidi ya mashine milioni 100, na ni vigumu kuamini kwamba ingefika huko kama tangu siku ya kwanza ingempima kila mchezaji kwa ukali wa kocha.

Kipande cha 2009 kilileta jairoskopu, yaani kihisi kinachopima kasi ya mzunguko badala ya mchapuko wa kwenda mbele au pembeni. Jairoskopu hizi hazina gurudumu linalozunguka kama zile za zamani za meli na ndege. Ndani ya chipu kuna vipande vinavyotetemeshwa maelfu ya mara kwa sekunde, na kidhibiti kinapozungushwa vipande hivyo husukumwa kando na athari iliyoelezwa na Mfaransa Gaspard-Gustave de Coriolis mwaka 1835. Kiasi cha kusukumwa huko huonyesha kidhibiti kinazunguka kwa nyuzi ngapi kila sekunde, katika mihimili yote mitatu, ukiwemo ule ambao akselerometa haikuuona kabisa.

Hata hivyo jairoskopu haisemi kidhibiti kimeelekea wapi. Inasema kinageuka kwa kasi gani. Mashine hulazimika kuzijumlisha kasi hizo kila sehemu ndogo ya sekunde ili kupata mwelekeo, kama nahodha wa jahazi anayekisia mahali alipo usiku wa mawingu kwa kuhesabu mwendo na saa tangu alipoiacha bandari. Kosa dogo katika kila hesabu huongezwa juu ya lililotangulia, na baada ya dakika chache mwelekeo uliokokotolewa huwa umepotoka. Dawa iliyotumika ni kuvichanganya vihisi: jairoskopu inaaminiwa wakati wa mwendo wa haraka, na kidhibiti kinapotulia akselerometa inaukumbusha mfumo chini ni wapi. Kwa mzunguko wa kushoto na kulia uvutano hausaidii, ndiyo maana mashine iliendelea kuhitaji msaada wa taa za infraredi, au kumtaka mchezaji akilaze kidhibiti mezani kifudifudi kwa muda ili sifuri ya jairoskopu ipatikane upya.

Jambo moja halikupatikana hata baada ya maboresho hayo, nalo ni kujua mkono uko mahali gani hewani. Kwa nadharia mahali pangeweza kupatikana kwa kuujumlisha mchapuko mara mbili, mara ya kwanza ili kupata kasi na mara ya pili ili kupata umbali, lakini hesabu ya makosa ni ya kikatili: kihisi kikikosea kwa mita 0.1 kwa sekunde mraba, ambayo ni takribani sehemu moja kwa mia ya uvutano wa dunia, kosa la umbali huwa sentimita 5 baada ya sekunde moja na mita 5 baada ya sekunde 10. Kwa sababu hiyo upanga wa Wii Sports Resort unaonekana kuufuata mkono, kumbe programu inajua mwelekeo wake tu na inakisia mengine kwa kudhani kwamba mkono umeshikamana na bega na una urefu wa kawaida. Kampuni ya Sony ilichukua njia nyingine kwa PlayStation Move ya mwaka 2010, ambayo ina tufe linalong'aa kwenye ncha yake: kamera huliona tufe hilo, na ukubwa wake katika picha huonyesha liko umbali gani.

Athari ya mwelekeo kujulikana ilionekana kwa ukamilifu katika The Legend of Zelda: Skyward Sword ya mwaka 2011, mchezo usioweza kuchezwa kwenye Wii bila MotionPlus. Humo adui si tena mtu wa kupigwa tu. Ana upande aliouziba kwa silaha yake na upande aliouacha wazi, na mchezaji analazimika kukata kutoka upande ulio wazi, iwe kwa ulalo, kwa wima au kwa mshazari. Ghirahim, mmoja wa maadui wakuu, hutazama upanga uko upande gani kabla ya pigo, akaunyoosha mkono wake kuelekea hukohuko na kuudaka. Mchezaji hushinda kwa kuushika upanga upande mmoja ili kumhadaa, kisha kupiga kutoka kwingine. Hadaa ya aina hiyo haikuwezekana mwaka 2006, kwa sababu kabla ya pigo mashine haikuwa na habari za kuaminika za kumpa adui. Pigo lilikuwapo au halikuwapo, na katikati hapakuwa na kitu.

Lakini hapohapo ndipo taabu mpya zilipoanzia. Anayetaka kukata kutoka kulia lazima kwanza aupeleke mkono kulia, na akiupeleka kwa haraka mashine inaweza kuuhesabu mwendo huo wa maandalizi kuwa ndilo pigo, hivyo wabunifu walilazimika kuchora mpaka wa kasi kati ya kusogeza na kukata. Walalamikaji wengi waliosema kwamba kidhibiti hakikuwasikia walikuwa kwa kweli wamesikiwa kupita walivyotaka. Kubwa zaidi ni kwamba upanga wa mchezo hauna uzito wala haugongi kitu. Ngao ya adui huuzuia upanga ulio kwenye skrini, ilhali mkono wa mchezaji unaendelea na safari yake hadi mwisho, na kuanzia hapo mkono na picha havipatani tena mpaka mchezo utafute njia ya kuvirudisha pamoja. Kihisi bora hakiwezi kuliondoa tatizo hili, kwa sababu linatokana na kukosekana kwa kizuizi. Tenisi ya meza ya Wii Sports Resort ilifaulu vizuri zaidi kwa sababu kibao chake ni chepesi na mguso wake ni wa kufumba na kufumbua.

Biashara nayo ilikuwa na neno lake. Kifaa kinachouzwa kando, kama MotionPlus, hakimilikiwi na kila mtu, na ni watengenezaji wachache waliokidai kwa lazima, Ubisoft ikiwa mmoja wao kwa mchezo wa Red Steel 2 wa mwaka 2010.

Skyward Sword ilipotolewa upya kwa mashine ya Switch mwaka 2021, iliruhusu upanga uendeshwe pia kwa kusukuma kijiti cha kidhibiti kuelekea upande wa pigo, na mchezo haukuvunjika. Kilichokuwa kimeletwa na jairoskopu katika ubunifu wake kilikuwa swali la upande, na swali hilo lingeweza kujibiwa kwa kidole gumba.

Matumizi yaliyodumu kwa nguvu zaidi yamekuwa ya mwendo mdogo. Katika mchezo wa Splatoon, uliotoka mwaka 2015, kijiti hutumika kwa kugeuka sana, na jairoskopu hutumika kwa kuirekebisha shabaha kwa nyuzi chache kwa kukipinda kidhibiti. Hapa udhaifu wa jairoskopu haudhuru: mpotoko wa polepole hausumbui, kwa sababu mchezaji anaitazama alama ya shabaha muda wote na kuisahihisha kwa jicho, na mwelekeo ukivurugika kitufe kimoja huirudisha kamera mahali pake. Hakuna pia kusubiri ishara ikamilike, kwa kuwa kila unyuzi wa mkono unafika kwenye skrini ukiwa bado unatokea.

Chipu za aina hiyohiyo zimo katika simu nyingi za kisasa, na mchezaji wa PUBG Mobile wa Mombasa au Mwanza ambaye hajawahi kuiona Wii anaweza kuiwasha jairoskopu katika mipangilio na kulenga kwa kuipinda simu. Tofauti ni kwamba kwenye simu kihisi na skrini ni kitu kimoja, kwa hiyo kugeuka sana huiondoa picha mbele ya macho, na wachezaji wengi huiacha kazi ya kugeuka kwa kidole na kuitumia jairoskopu kwa kuutuliza tu mtikisiko wa bunduki inapofyatuliwa mfululizo.