Picha ya Mwokoaji ni ya Nani?

Msafiri atokaye Arusha kwenda Endabash hupita Mto wa Mbu, akapanda ukingo wa Bonde la Ufa, akafika Rhotia kabla ya Karatu mjini. Hapo Rhotia, Jumamosi ya tarehe 6 Mei 2017, basi dogo la Shule ya Lucky Vincent lilitumbukia korongoni. Walifariki wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watoto watatu walinusurika, wakapelekwa Sioux City, Marekani, kutibiwa, na mwezi Agosti wakarejea. Miongoni mwa waliowahi kuwasaidia walikuwamo Wamarekani wa kujitolea waliokuwa wakipita njia ile.

Picha za ajali nazo zilipita kutoka simu hadi simu. Tunamwomba kila mzazi afikiri ingekuwaje kumtambua mwanawe kwa picha iliyosambazwa na mtu asiyemjua.

Tumelikumbuka hilo kwa kuwa vijana wa Endabash, au wa kata yoyote, wakiungana kuokoa watu wakati wa mafuriko na ajali, hawatakawia kutaka tovuti. Nia ni njema: wachangiaji waione kazi, na wananchi wapate maelekezo. Lakini swali la kwanza litakuwa picha zitoke wapi.

Wengi wetu hudhani kwamba picha iliyoonekana kwenye intaneti ni mali ya kila mtu, kama maji ya mvua. Sivyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humpa haki aliyeipiga picha, tangu anapoipiga, hata kama hakuisajili popote. Haki hiyo haimwendei aliyeituma kwenye kundi la WhatsApp, wala hainunuliwi kwa kuandika “picha kwa hisani ya mtandao”, maneno ambayo, tuseme kweli, hayamtaji mtu yeyote. Mpiga picha ana haki ya kutajwa jina na haki ya kuombwa ruhusa. Ruhusa na iandikwe, hata kwa ujumbe mfupi wa simu, ikieleza picha itatumika wapi. Ziko pia picha ambazo wenyewe wamezitoa kwa leseni huria, kama zile za Creative Commons. Hizo nazo zina masharti, na mara nyingi sharti la kwanza ni kumtaja mwenyewe. Njia nyepesi kuliko zote ni kikundi kupiga picha zake chenyewe na kuandika jina la kila aliyepiga.

Hata hivyo, ruhusa ya mpiga picha haimalizi jambo. Aliyelala kwenye machela hakuulizwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatutaka tuwe waangalifu na taarifa za watu, na kabla ya sheria hiyo tulikwisha kulelewa juu ya sitara. Mwokoaji huingia mahali ambapo mtu hana nguo, hana fahamu, hana la kusema. Alichokiona hapo ni amana. Tovuti na ionyeshe kamba, maboya, mafunzo na mikono inayofanya kazi. Uso wa majeruhi usubiri idhini yake, na wa mtoto idhini ya wazazi wake.

Yuko na mwingine anayesahaulika: msomaji asiyeona. Simu yake humsomea maandishi kwa sauti, lakini ikifika kwenye picha isiyo na maelezo hunyamaza, au husoma jina la faili lisilo na maana. Ubaya huzidi tahadhari ya mafuriko inapotengenezwa kama bango la picha, pamoja na namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Mwenye macho ataisoma. Jirani yake asiyeona atabaki hajui kwamba mto umejaa.

Dawa yake haina gharama. Namba na maelekezo yaandikwe kama maandishi ya kawaida, nje ya picha. Kila picha iwekewe maelezo mafupi, mathalani: “Vijana wanne wanamvusha mzee mtoni kwa kamba, maji yamewafika kiunoni.” Mtengeneza tovuti anapopakia picha huwa na nafasi ya kuyaandika hayo, ila wengi huiacha tupu. Na picha zipunguzwe ukubwa kabla ya kupakiwa, ili ukurasa ufunguke hata kwa mwenye bando dogo, anayeitafuta namba hiyo usiku mvua ikinyesha.